Mfuko wa Mizizi

Asubuhi ya siku ya tatu tangu mafuriko, Inspekta alifungua ofisi akakuta shida mbili zikimsubiri: mfuko wa plastiki uliojaa mizizi, na mwanamke aliyeng'ang'ania kwamba ana hatia.

Iliyomnyima raha ni ya pili. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amezoea watu wa kukana. Aliwahi kumkamata mwizi wa kuku, kuku mwenyewe yumo ndani ya koti anapiga kelele, na bado mwizi akauliza kuku gani. Ndiyo maana wenzake walimpachika jina la Tone kwa Tone: aliuliza polepole, swali moja moja, mpaka mtu achoke na uongo wake mwenyewe. Sasa huyu wa kukiri kabla hajaulizwa lolote alimkwama kooni.

"Niandikie tu, Afande, niweke sahihi," alisema yule mwanamke. Pingu zilikuwa mkononi, gambuti zimejaa tope lililokauka. "Mizizi ni yangu. Mimi ndiye niliyeipanda."

Alikuwa mtunza bustani wa hospitali ya uzazi, kazi aliyoifanya kwa miaka minne. Hospitali hiyo ilikuwa na kitu kilichoitwa bustani ya mvua, ardhi iliyochimbwa ikawa na bonde kama sahani, katikati ya maegesho ya magari na wodi ya watoto wachanga. Kazi ya bustani hiyo ilikuwa kuyanywa maji yote ya mapaa na maegesho kabla hayajafika wodini. Mvua kubwa ilipopiga, maji yakafika wodini. Watoto tisa walitolewa mikononi, watatu kati yao njiti waliokuwa kwenye vitanda vya joto. Kwa rehema za Mungu hakufa hata mmoja. Lakini wodi ilifungwa, vitanda vya joto vikaharibika, na Msimamizi wa majengo akaleta polisi mfuko wa mizizi akisema ndiyo iliyoziba bomba la chini la kutolea maji. Kosa likaandikwa: uzembe wa kuhatarisha maisha. Gari la kwenda mahakamani lilikuwa linaondoka saa nane mchana. Akikiri mbele ya hakimu ni miaka mitatu jela kama hakimu kalala vizuri, na saba kama kaamka na jino linalouma.

"Afande," alisema Sajini, mwanamke mnene mwenye ulimi usio na breki, "mtu kakiri, ushahidi upo, gari lipo. Mgonjwa kapona na wewe bado unatafuta dawa."

"Nipe dakika kumi."

"Ulisema hivyo jana, tukala chakula cha mchana saa kumi."

Inspekta alifungua fundo la mfuko, akatoa mzizi mmoja, akaupinda. Ukavunjika: ka! Akatoa mwingine. Ka!

"Sajini, Msimamizi anasema aliitoa bombani lini?"

"Jioni ya siku ya mafuriko. Ipo kwenye maelezo yake. 'Niliingiza mkono nikaitoa mwenyewe.'"

"Halafu akaifunga fundo ndani ya plastiki. Ikakaa humo siku mbili. Mbona imekauka kama kuni?"

Sajini akauchukua ule mzizi. Akaunusa, akaugeuzageuza, na ule utani usoni pake ukatoka taratibu. "Ngoja kwanza. Ngoja, Afande. Mimi mwaka jana bomba la maji machafu nyumbani kwangu lilijaa mizizi. Mume wangu alisema atamwita fundi, nikamwambia fundi ni mimi. Nilivuta mwenyewe, kwa mikono hii. Jamani! Ilitoka yote kwa pamoja kama msuko wa nywele uliolowa, mrefu kutoka hapa hadi mlangoni. Safi, haina hata chembe ya udongo, maana ilikuwa inaishi ndani ya maji. Na umbo lake ni la bomba kabisa. Sasa hii..." Akaukung'uta mzizi juu ya meza. Vumbi jekundu lenye mchanga likamwagika juu ya makaratasi. "Hii imetoka ardhini. Na tazama hapa mwisho, hapa umepita ukali wa sepetu."

"Kwa nini hukusema tangu juzi?"

"Hukuniuliza. Na mfuko ulikuwa umefungwa."

Inspekta alicheka, jambo ambalo halikutokea mara nyingi kabla ya chai. "Ahsante, Sajini. Na Mungu alibariki lile bomba lako."

Walipomgeukia mtunza bustani walitegemea angalau atabasamu. Wapi! Alikuwa akitikisa kichwa.

"Hata kama si hiyo, mingine imo humo ndani," alisema. "Nakuambia ninachokijua, Afande. Mwaka wa kwanza baada ya kupanda zile nyasi ndefu, nilipima. Maji yalishuka polepole kuliko kabla sijapanda. Mizizi michanga inajaza vitundu vya udongo. Niliona kwa macho yangu, nikanyamaza. Nilijiambia itakaa sawa. Sasa ona."

"Unanyamaza miaka mitatu, unakuja kusema leo?"

"Binti yangu alizaliwa humo, hajafika hata kilo moja na nusu. Alilala kitanda cha pili kutoka dirishani siku arobaini. Leo yuko darasa la nne, anakimbia kuliko wavulana. Ndiyo maana nilikuja kuomba kazi yoyote pale, hata ya kufagia. Nilitaka kushukuru. Halafu nikawaingizia maji watoto wa wenzangu. Niandikie, Afande."

Hapo Inspekta akaelewa kwamba kazi yake ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Alikuwa na saa tano za kumpata aliyetengeneza ule mfuko, na katika saa hizo hizo ilimbidi pia amshawishi mtuhumiwa kwamba hana kosa.

"Simama," alimwambia. "Twende ukatuonyeshe."

Bustani ilikuwa na urefu wa hatua thelathini. Nusu ya juu, upande wa maegesho, ilikuwa ukoka wa kubandika, mfupi, umenyolewa. Nusu ya chini, upande wa wodi, ilikuwa nyasi ndefu zilizomfika Inspekta kifuani. Kutoka zinapoishia nyasi hizo hadi kizingiti cha wodi ni hatua nane. Alizihesabu mara mbili.

Hajamaliza kuhesabu mara ya pili, Msimamizi akawa amefika. Wafanyakazi walimwita Bwana Pasi, na ukimwona hukuwa na haja ya kuuliza kwa nini. Mikunjo ya mikono ya shati lake ingekata mkate.

"Inspekta, mbona mnahangaika?" alisema, akimtupia jicho mtunza bustani. "Nilimwambia ang'oe nyasi hizo zote. Akang'oa nusu, nusu akakaidi. Nina nakala ya barua ya onyo niliyompa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Bomba liko wapi?"

Msimamizi akaonyesha mfuniko mdogo wa plastiki katikati ya nyasi. Inspekta akachuchumaa, akaufungua, akaingiza vidole. Vitatu vikaingia, cha nne kikagoma. Akamwaga humo ndoo ya maji. Sajini, aliyekuwa amesimama kwenye mtaro nje ya ukuta, akapaza sauti: "Yanatoka! Masafi!"

"Si nilishalizibua?" alisema Msimamizi.

"Kweli," alisema Inspekta. "Ulishalizibua. Ahsante, unaweza kwenda, nitakuja ofisini kwako."

Bwana Pasi akaondoka akitembea pembezoni, asije akachafua viatu.

"Kuna jambo la mlinzi pia," Sajini alinong'ona aliporudi. "Anasema jioni ya kuamkia mvua alimwona huyu mama akimwaga maji humu bustanini na mawingu yametanda. Mwenye akili gani anamwagilia mvua ikija? Na kwenye stoo yake vijana walichukua ndoo isiyo na kitako. Niliileta, iko kwenye gari. Ndoo ya kuchotea nini hiyo?"

Kwa mara ya kwanza siku ile mtunza bustani alikaribia kutabasamu. "Ya kupimia. Nilikata kitako mwenyewe. Unaigongelea ardhini, unamwaga maji ndani, unatazama saa. Jioni ile nilitaka kupima upande wa juu kwa sababu nilikuwa na wasiwasi nao. Giza likaniwahi."

"Lete hiyo ndoo," alisema Inspekta.

"Afande! Mtuhumiwa apime kesi yake mwenyewe?"

"Yeye ataongea. Mimi nitapima. Wewe utaandika, na ukimwona anagusa ndoo umfokee."

Walianza upande wa juu. Walibandua kipande cha ukoka kama mtu anavyobandua mkeka, kisha Inspekta akaweka ndoo juu ya udongo na kuigonga kwa gogo. Ndoo ikaruka. Akagonga tena, ikapasuka mdomo. Mwishowe iliingia urefu wa kidole kimoja, naye jasho limemlowesha mgongo. Akamwaga lita kumi, akatazama saa. Dakika tano. Dakika kumi. Inzi alitua juu ya maji akanywa kwa raha zake. Dakika ya ishirini maji yalikuwa yameshuka upana wa ukucha.

"Ardhi hii imenuna," alisema Sajini, akiandika.

Upande wa chini ndoo iliingia kwa mapigo matatu. Inspekta alimwaga lita kumi zile zile. Maji yakaanza kushuka kwa macho, huku vipovu vidogo vikipanda. Sajini alikuwa bado anaandika saa ya kuanza.

"Yameisha," alisema Inspekta.

"Nini kimeisha?"

"Maji. Dakika nne."

Wote watatu wakainama juu ya ndoo tupu. Inspekta akamwaga tena, maana hakuwa mtu wa kuamini jambo mara moja. Dakika tano mara hii. Akachukua jembe, akachimba shimo kando ya mashina, akaukwangua ukuta wake kwa kisu. Udongo ulikuwa umekatika vidonge vidonge, na katikati yake vilipita vijia vyembamba kama vya mchwa, vingine vina mzizi ndani, vingine vitupu vimebaki na ngozi nyeusi tu.

"Hivi vitupu ni nini?"

Mtunza bustani alikuwa amepiga magoti, pingu zikiwa zimegusa udongo. "Ni mizizi iliyokufa," alisema taratibu. "Ilioza ikaacha njia. Na mizizi hai inakunywa, udongo unakauka na kupasuka kidogo, maji yakija yanapata pa kupita. Nilipima mwaka wa kwanza, Afande, wakati yote ilikuwa michanga. Mwaka wa pili na wa tatu nilipima upande wa juu tu, kwa sababu ndio unaopokea maji kwanza, na nikaona yanashuka vizuri. Huku chini sikurudia. Niliogopa nitakachokiona." Akaweka kiganja juu ya shimo. "Kumbe inakunywa. Kumbe muda wote ilikuwa inakunywa."

Akalia. Inspekta akamwacha alie, akajifanya anafuta kisu.

"Sasa niambie," alisema baadaye. "Udongo ni ule ule, uliletwa siku moja. Huku ni sifongo, kule ni sakafu. Sakafu haijitengenezi."

"Niling'oa upande wa juu kwa amri ya Msimamizi, wiki mbili zimepita. Nikairundika mizizi nyuma ya chumba cha jenereta. Nikapewa mapumziko ya siku mbili ambayo sikuyaomba. Niliporudi ukoka umeshabandikwa, na nikikanyaga nasikia miguu inagonga. Akaniambia nimalizie na upande wa chini. Kila siku nikamwambia kesho. Kesho, kesho, mpaka akaniandikia barua."

Nyuma ya chumba cha jenereta lundo lilikuwepo, limekaushwa na joto chini ya bati. Inspekta alichomoa mzizi mmoja akaupinda. Ka! Vumbi jekundu lenye mchanga, alama ya sepetu mwishoni. Upande mmoja wa lundo ulikuwa na pengo la ukubwa wa mfuko.

Getini, mlinzi aliwafungulia daftari lake kabla hawajamaliza kumsalimia. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alifurahi waziwazi kwamba kuna mtu hatimaye anataka kusoma maandishi yake.

"Miaka yote naandika, hakuna anayesoma," alisema. "Ahsanteni sana. Hii hapa, siku ambayo mama wa bustani alikuwa mapumzikoni. Rola ya kushindilia barabara. Kuingia saa mbili asubuhi, kutoka saa sita. Msimamizi aliniambia ni ya maegesho."

Sajini alitazama maegesho. Yalikuwa yamesakafiwa kwa matofali ya saruji tangu zamani, yana alama za matairi na madoa ya oili.

"Na siku ya mvua?" aliuliza Inspekta. "Ulikuwa hapa?"

"Ningekuwa wapi? Mvua ilianza saa tatu kamili asubuhi. Saa tatu na robo niliona maji yanateleza juu ya ule ukoka kama yako juu ya bati, yakaingia kwenye zile nyasi ndefu. Nikasema haya, sasa wodi imekwisha. Nikapiga kengele. Lakini hayakutoka upande wa pili. Nikawa nashangaa, yanakwenda wapi? Yanaingia tu, yanaingia tu. Yalitoka saa nne kasoro dakika tano. Hata hiyo nimeiandika."

Inspekta akampa mkono. "Mzee wangu, ahsante kwa kuandika."

Mlinzi akavua kofia.

Ofisini kwa Msimamizi kalamu zilikuwa zimepangwa mezani kwa urefu. Inspekta alikaa, akaweka mfuko kando ya kalamu.

"Mizizi hii uliitoaje bombani?"

"Nilishasema. Kwa mkono."

"Mkono upi?"

Msimamizi alisita. "Wa kulia."

"Uliingia mpaka wapi?"

"Mpaka hapa." Akaonyesha kiwiko.

"Mimi vyangu vimeingia vidole vitatu," alisema Inspekta. "Na mkono wangu ni mwembamba kuliko wako. Tutashuka wote sasa hivi uuingize tena, Sajini anatazama?"

Nje mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu bovu.

"Labda nilitumia waya," alisema Msimamizi.

"Waya uko wapi?"

"Niliutupa."

"Rola ilikuja kushindilia nini?"

"Maegesho."

"Maegesho ya matofali?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bwana Pasi iliishia hapo. Alichukua kalamu moja akainyoosha, ingawa ilikuwa imenyooka. Kisha mabega yakaanguka, na lile shati likapata mikunjo ambayo pasi haikuiweka.

"Ni kisigino," alisema.

Sajini aliinua kichwa. "Kisigino?"

"Mwaka jana, siku ya ukaguzi, mgeni wa heshima alikatisha pale bustanini. Kisigino cha kiatu chake kikazama chote. Akavuta mguu, kiatu kikabaki. Mbele ya wapiga picha! Niliitwa nikaulizwa ni bustani gani hiyo laini kama uji. Sasa mwezi ujao ni uzinduzi wa jengo jipya, hema na viti vilikuwa viwekwe pale pale. Nikaapa safari hii hakuna kisigino kitakachozama. Nilitaka ardhi ngumu. Yenye heshima."

"Kwa hiyo ukaishindilia kwa rola ardhi iliyotengenezwa ili inywe maji."

"Nilidhani ulaini ni uzembe wake yule mama! Nilidhani hajui kazi." Akaficha uso. "Maji yalipofika wodini nikajua ni mimi. Nilisimama pale mlangoni nikasikia watoto wanalia. Jioni nikaliona lile lundo. Sikujua, Inspekta. Haki ya Mungu sikujua kwamba mizizi ndiyo inayofungua ardhi."

"Nakuamini," alisema Inspekta. "Kwa kutojua hakuna ambaye angekufunga. Ungesema siku ile ile, tungeandika ajali tukaenda nyumbani. Kinachokupeleka mahakamani ni mfuko huu. Sajini, chukua maelezo upya, kuanzia kisigino."

Saa saba na robo alipiga simu kituoni akasema gari la saa nane lisiondoke na jina la mtunza bustani. Aliyepokea akauliza badala yake aandike jina la nani. Inspekta akamtajia cheo kwanza, kisha jina, polepole, herufi kwa herufi.

Sista Mkuu wa wodi alikuwa ghorofani, ambako watoto walihamishiwa kwenye chumba kilichokuwa cha mikutano. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mkali, ambaye madaktari walimsalimia kwa kunyoosha migongo. Siku mbili hizo hakutaka hata kusikia mtunza bustani akitajwa. Inspekta alimweleza mambo kwa mpangilio, bila kuongeza chumvi: maji yalifika kwenye nyasi saa tatu na robo, yakatoka saa nne kasoro dakika tano. Nyasi zile zilikuwa zikinywa sehemu yake na sehemu ya nusu nyingine, mpaka zikashiba.

"Dakika arobaini," alisema Sista.

"Dakika arobaini. Kama yule mama angetii amri ya Msimamizi akang'oa zote, na rola ikapita, ni hatua ishirini na tatu tu za kuteleza. Tuseme dakika tano. Tukiwa wakarimu, kumi."

Sista alitazama mikono yake. Aliinua kidole kimoja kimoja, na Inspekta akaona kwamba alikuwa akiyarudia yale yote: ngazi, blanketi, mashine, ngazi tena.

"Kwa dakika kumi ningetoa watatu," alisema mwishowe. "Wanne, kama Mungu angenisukuma mgongoni." Hakutaja idadi ya waliobaki. Aliketi kwenye ukingo wa kiti. "Naye yuko wapi?"

"Chini. Nimemfungua pingu. Hataki kupanda. Anasema hana uso."

"Hana uso! Mimi ndiye sina." Akasimama akashuka mwenyewe, akishika ukuta kwa sababu ya magoti. Inspekta akamfuata.

Mtunza bustani alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mwisho akisugua viganja vya mikono. Alipomwona Sista akaruka kusimama. "Shikamoo, Mama. Nisamehe, nilikuwa naondoka."

"Kaa."

Akakaa. Kwa miaka minne alikuwa hajawahi kuvuka mlango wa watoto. Gambuti hazikuruhusiwa, na yeye alikuwa mtu wa gambuti. Sista alishuka ngazi ya mwisho, akashika chuma cha pembeni, na magoti yake yale mabovu yakakunjika moja baada ya jingine mpaka yakagusa sakafu. Akaishika gambuti ya mguu wa kulia kwa mikono miwili, akaivuta.

"Mama! Acha, zina tope! Jamani Afande, mwambie aache!"

"Tulia, mwanangu," alisema Sista, akiivuta ya pili. "Nimeshika machafu kuliko haya kwa watu ambao hawakunifanyia lolote. Ahsante. Unasikia? Ahsante sana. Sasa inuka unioneshe mikono, tuioshe, twende."

Walimwosha hadi viwiko, wakamvisha joho jeupe na viatu vya wodi vilivyompwaya. Inspekta alibaki mlangoni, maana naye viatu vyake vilikuwa na udongo, na kwa vyovyote hakutaka watu wamwone macho yalivyokuwa. Chumba kilikuwa na joto. Vitanda vilikuwa vimepangwa kufuata ukuta, na mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha aliinua kichwa akatabasamu bila kujua anamtabasamia nani.

"Watazame," alisema Sista. "Wote wapo. Wahesabu mwenyewe."

Mtunza bustani alitembea kwa ncha za vidole, akisimama kila kitanda na kugusa ukingo wake, midomo ikitamka namba bila sauti. Alipofika tisa alisimama kidogo. Kisha akarudi kitanda cha kwanza akaanza tena.